Mechi ya Watani Kwa Mama Nelly

Shinyanga nzima hakuna mtu anayeujua mpira kunizidi mimi. Basi, tusifike Shinyanga nzima, tuseme Ngokolo. Au tuseme mtaa wetu, upande huu wa barabara, ukimtoa Mzee Sostenes, ukimtoa fundi baiskeli, na ukiwatoa vijana wote wenye jezi. Offside yenyewe nimeielewa juzijuzi, na nahisi imeshaanza kunitoka. Lakini nikikaa kwenye benchi langu la mbele kwa Mama Nelly, karibu kabisa na televisheni kwa ajili ya haya macho, watu hugeuka wakaniuliza, "Bibi Apolonia, wewe unaonaje?" Nami nawajibu. Ujuzi ni kuulizwa. Kujibu kila mtu anaweza.

Na maoni ninayo, tena mengi kuliko meno.

Kwanza ile televisheni ya refa. Refa anakimbia kwenda kuchungulia, uwanja mzima unashika roho, halafu anarudi na uamuzi uleule aliokwenda nao. Vijana wanakasirika. Mimi namwelewa. Hata mimi nikivaa miwani naona kile nilichokuwa nataka kukiona.

Pili, mikeka. Kijana wa hapa anabeti timu ya nchi ambayo hajui iko upande gani wa jua. Utamsikia anamwomba Mungu theluji isianguke huko Ulaya, na pamba ya baba yake Kishapu inakauka kwa kukosa mvua. Mungu naye amsikilize yupi?

Tatu, sisi wenyewe. Timu za mikoani zinapanda ligi kuu kama mgeni asiyealikwa harusini: zinakula upesi, zinashuka. Na sisi tunaolia kwamba zimeshuka, jezi tulizovaa ni za Simba na Yanga, timu za Dar es Salaam ambazo hazijui kama Ngokolo ipo. Mimi ni Simba. Nimekwisha sema kosa letu, sikusema nimeliacha.

Na wasemaji wa klabu. Watu wanasema siku hizi wasemaji wanacheza kuliko wachezaji. Wanadhani ni jambo jipya. Sisi Wasukuma tulikuwa nao kabla mpira haujaletwa. Baada ya mavuno, ngoma ya Wagika na ngoma ya Wagalu zilipigwa kwenye uwanja mmoja, siku moja, kila kundi upande wake. Refa hakuna. Watu wanatembea, wanasikiliza huku, wanavuka wanasikiliza kule, na jua likizama, kundi lililobaki na watu wengi ndilo limeshinda. Baba yangu alikuwa manju wa Wagalu, yaani mwimbishaji wao. Sauti yake ilikuwa mbaya kama ya fisi mwenye mafua, lakini matusi yake yalikuwa matamu. Watu walivuka uwanja mzima kuja kutukanwa naye.

Hayo ndiyo maoni yangu kwa ufupi. Kwa urefu, njoo Jumapili.

Sasa niseme nilivyofika kwenye benchi hilo, maana sikuzaliwa juu yake.

Nilikuwa naishi kijijini, Kishapu huko kusiko na miti, tunapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake umenipa macho mekundu tangu ujana. Mume wangu alipokufa, na mwaka uleule ng'ombe wa jirani wakafa, watu wakaanza kuyatazama macho yangu na kunong'ona habari za uchawi. Anayelijua eneo letu hahitaji nimalizie. Nikafunga godoro na sufuria, nikaja mjini.

Chumba nilichokipata kilikuwa nyuma ya kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, cha Euphrasia, huyo tunayemwita Mama Nelly. Kilikuwa kitupu kwa sababu hakuna mpangaji aliyeweza kulala na kelele zile. Yeye ni mtu wa Bukoba. Mumewe Eustace alikwenda machimboni Kharumwa akasahau njia ya kurudi, akamwachia watoto, televisheni na king'amuzi. Jumapili ya kwanza nilikwenda kibandani kulalamika kelele. Mama Nelly akasema, "Shikamoo bibi, kaa kwanza, bado dakika chache." Nikakaa. Sijanyanyuka mpaka leo.

Watu wakinitazama pale, wanatazama kama nimefurahi au nimenuna, wajue timu imefungwa au imefunga. Macho haya mekundu, mtu anayasogelea uso kwa uso, ananiuliza, "Bibi, ile ilikuwa penati?" Ninamshukuru Mungu kwa mengi, lakini kwa swali hilo namshukuru kwa magoti. Wabeja, kama tunavyosema kwetu. Asante sana.

Ndiyo maana Makoye alipokuja, sikulala vizuri.

Makoye ni kijana wa hapahapa mtaani. Alikwenda Geita kuchimba, duara lao, yaani shimo lao la mgodi, likatema dhahabu, akarudi na mkufu na kiherehere. Akajenga ukumbi ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wa Mama Nelly. Projekta, skrini ukuta mzima, viti vya plastiki vyenye migongo, na jenereta. Akaweka spika nje. Mama Nelly naye akageuza yake nje. Ikawa mtu akipita barabarani, sikio la kulia linasikia goli na la kushoto linasikia tangazo la sabuni.

Mama mwenye kichanga akalalamika. Kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi jirani ikalalamika. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Charles, akawaita wote wawili akasema mtaa hauwezi kubeba vibanda viwili vinavyotazamana; kimoja kifungwe.

"Kipi?" akauliza Mama Nelly, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mzee Charles ni Msukuma wa kwelikweli. Akakuna ndevu. "Jumapili ni mechi ya watani. Tufanye kama ngoma zetu. Fungueni milango, watu watembee. Atakayebaki na watu filimbi ya mwisho ikilia, huyo ndiye wa mtaa huu. Mwingine atafute mtaa mwingine."

Makoye akacheka. "Mwenyekiti, mimi nina jenereta."

"Hata fisi ana meno," nikamwambia, "lakini haalikwi harusini."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu," nikamjibu, maana wajukuu wa mtaa wote ni waume zangu, na huyu ndiye mwenye sura mbaya kuliko wote.

Mama Nelly usiku huo hakutania. Aliniambia kibanda kikifungwa, atarudi kwao Bukoba na watoto. Mjini hapa hana kingine. Hakusema habari ya chumba changu. Hakuwa na haja ya kusema.

Jumapili ikafika, na safari hii mechi ya Simba na Yanga haikuahirishwa. Nasema hivyo kwa sababu kuahirisha mechi ya watani ni dhambi: mtu ameshafua jezi, ameshagombana na shemeji yake, halafu unamwambia arudi mwezi ujao. Ugomvi ataufanya nini?

Mzee Charles aliitwa msibani Kishapu asubuhi ileile. Akasema ataamua akirudi, kila mmoja alete neno lake.

Kipindi cha kwanza tulikwenda sawasawa. Kwetu walijaa, kwa Makoye walijaa, wengine wakasimama katikati ya barabara kama mbuzi wasiojua zizi. Mzee Sostenes alikuwa kwetu, amekaa nyuma yangu. Huyo ni mlinzi mstaafu, ni Yanga, na kazi yake duniani ni kunipinga.

"Apolonia," akaninong'oneza, "ule ulikuwa mpira wa kona. Wewe umeshangilia goli."

"Nimeshangilia mapema, nisije nikachelewa."

Kipindi cha pili kilipoanza tu, umeme ukakatika.

Televisheni ikafumba jicho. Kibanda kikawa giza na joto la mabati, na ng'ambo ya barabara tukasikia jenereta la Makoye linakohoa, linakohoa, linawaka. Halafu kelele za watu wake wanafurahi. Mwanga wa skrini yake ulionekana mlangoni kwake kama mbingu.

Wetu wakaanza kunyanyuka. Mama Nelly alisimama mlangoni, lakini hakumzuia mtu. Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya kanga yake, anawapisha wateja wake mmoja mmoja, na kila anayepita anamwambia, "Karibu tena."

Wenye simu hawakuwa na bando, na wenye bando mtandao ulikuwa umelemewa. Mimi nilikuwa na redio yangu ndogo, ile niliyoirithi kwa marehemu mume wangu, natembea nayo kwenye kanga kila mahali. Spika yake imechoka. Anayeweza kuisikia ni yule tu aliyeibandika sikioni. Nikaibandika.

Baba yangu aliwahi kuniambia: watu wakianza kuondoka uwanjani, usiwaite. Ukiwaita wanajua umeshindwa. Watukane.

Nikapanda juu ya benchi. Mtu mmoja alinishika kiuno nisianguke. Giza lile, sikumjua, lakini alinishika vizuri.

"Mtazameni Mzee Sostenes anaondoka," nikasema kwa sauti. "Anafuata kiti chenye mgongo. Mgongo wake mwenyewe aliuacha kwenye mechi iliyopita, hata watoto wake wanaugua kwa aibu."

Watu wakacheka. Sostenes akaenda zake bila kugeuka, na kwa kweli nilimheshimu. Mtu mwenye msimamo. Lakini waliokuwa nyuma yake wakasimama kidogo wasikie kama nao watatukanwa.

"Na huyu mwenye jezi mpya, aliyeivaa na kibandiko cha bei, kaa chini. Mpira uko kwetu. Yule mrefu ameupata upande wa kulia, anakwenda, anakwenda, amemwacha beki anatafuta kiatu. Anapiga krosi. Ng'wanawane, mwanangu, krosi gani hiyo, ni kama umerusha mbaazi kwenye ungo. Imepita juu. Yule mgeni mwenye nywele za rangi ya ndizi analala chini. Hajaguswa. Nasema hajaguswa. Ameguswa na wazo tu."

Wakakaa. Wachache kwanza, halafu wengine.

Mtangazaji wa redio alikuwa ananipa mifupa, nami naweka nyama. Akisema mpira umetoka, mimi nasema umetoka kwenda wapi na umemkuta nani akinywa soda. Akisema kocha amesimama, mimi nasema amesimama kama mwanamume aliyeambiwa mama mkwe amefika. Nikichoka na Kiswahili naingia Kisukuma, na wale wa kutoka Mara na Kigoma wanawauliza wenzao, "Kasema nini, kasema nini?" na wenzao hawawezi kutafsiri kwa kicheko. Simba wakishambulia natukana Yanga. Yanga wakishambulia natukana Simba, timu yangu mwenyewe, maana manju hatukani upande mmoja. Ukitukana upande mmoja nusu ya watu wanavuka uwanja.

Tukasikia nje watu wanarudi. Sikuwaona, nilisikia mabati yanalia kwa kuegemewa. Mama Nelly akafungua na dirisha la nyuma.

Halafu mpira ukapoa. Mtu ameumia, machela imeitwa, na mtangazaji akaanza kusoma salamu za wadhamini. Nikasikia mtu anakohoa gizani, na mwingine. Manju anaogopa kikohozi kuliko mawe. Nikaona nikinyamaza watakumbuka kwamba ng'ambo kuna skrini.

Nikaingiza kuku.

"Kuna kuku ameingia uwanjani," nikasema. "Mweupe, kishingo, shingo tupu kama kasisi. Sijui amekata tiketi wapi. Mlinzi mnene anamkimbiza. Kuku ameenda kushoto, mlinzi ameenda kulia, mlinzi yuko chini. Ah, huyu kuku anacheza winga. Amepita kwa beki namba mbili kama hayupo. Yuko kwenye boksi. Golikipa anatoka, anajirusha, amemdaka. Amemdaka jamani, na ndicho kitu cha kwanza alichodaka leo."

Kibanda kilicheka mpaka vumbi likashuka kwenye mabati. Nje nako walicheka. Kuku akatolewa, machela ikatoka, mtangazaji akarudi, tukaendelea na mpira wa kweli mpaka filimbi ya mwisho. Nani alimfunga nani sisemi. Nikisema, nusu yenu mtaacha kusoma hapahapa, na mimi manju wenu sitaki mvuke uwanja.

Filimbi ilipolia hakuna aliyeondoka. Mama Nelly alinishusha kwenye benchi akanikumbatia, mashavu yake yamelowa, akasema asante kwa Kihaya, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma alichojifunza kwangu. Nikamwambia asante ni zangu.

Kesho yake Mzee Charles akarudi kutoka msibani, macho yana usingizi. Tukakaa mbele ya kibanda, watu wa mtaa wamesimama nyuma yetu. Makoye alikuja na mkufu wake na shahidi. Shahidi ni nani? Mzee Sostenes.

"Mama Nelly, sema," akaanza mwenyekiti.

"Umeme ulikatika, baba, ila watu walibaki. Walijaa mpaka nje."

Vijana wakaitikia kwa pamoja. Mzee Charles akawanyooshea mkono. "Nyinyi ni kelele. Kelele ndizo zilizotuleta hapa. Makoye."

Makoye akasimama wima. "Mwenyekiti, kwangu kulijaa nikakosa pa kuweka mguu. Hao wanaosema walikuwa huku, watu gani wanakaa gizani na ng'ambo kuna skrini ya ukuta mzima? Mimi sikutoka hata dakika moja. Nilikaa na projekta yangu mpaka filimbi ya mwisho. Shahidi huyu hapa."

"Mzee Sostenes, ulikuwa kwake?"

"Nilikuwa."

"Watu walikuwepo?"

Sostenes akatazama kofia yake. "Mwenyekiti, mimi nilikaa mbele. Mtu anayetazama mpira hatazami nyuma."

Mzee Charles akavuta pumzi. Nikaona anatazama ukumbi wa Makoye, ukuta wa matofali, jenereta. Halafu anatazama mabati yetu yaliyopinda kwa kuegemewa. Alikuwa mtu wa haki, lakini amechoka, na matofali yana sauti yake. Mama Nelly alishaanza kutazama chini. Mimi nilikuwa nahesabu vitu vyangu kichwani: godoro, sufuria, redio.

"Kwa kweli," akasema mwenyekiti, "kibanda ambacho umeme ukikatika na chenyewe kinakatika..."

"Mwenyekiti," nikasema, "kabla hujamaliza. Sisi wa huku tulikaa gizani, hatukuona kitu. Huyu mume wangu aliona kwa macho. Naomba atusimulie kipindi cha pili, japo kidogo, nasi tufaidi. Mpira wa kusikia haushibishi."

Makoye akatabasamu. Hakuna mtu anayekataa kusifia skrini yake. Akaanza: yule mrefu alivyopita kulia, ile krosi iliyopita juu, mgeni mwenye nywele za ndizi alivyoanguka bila kuguswa. Alisimulia vizuri, na mikono. Nyuma yangu vijana walikuwa wameziba midomo.

"Na yule kuku je?" nikamuuliza. "Sisi tulisikia tu."

"Kuku?" Makoye akacheka, akamgeukia mwenyekiti. "Mwenyekiti, ndiyo maana nasema skrini kubwa. Kuku kishingo, mweupe, alivyoingia uwanjani nilimwona vizuri mpaka ile ngozi ya shingoni. Mlinzi anamkimbiza, anaanguka. Golikipa akaja akamdaka. Utaona hayo kwenye televisheni ya inchi ngapi hii?"

Akaionyesha televisheni yetu kwa kidole cha dharau. Mzee Sostenes, aliyekuwa amekaa ananitazama kwa chuki yake ya kawaida, akageuka taratibu akamtazama Makoye.

"Kuku gani?"

"Yule, mzee. Wa kipindi cha pili."

Sostenes akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Makoye, mimi nilikuwa mbele ya hiyo skrini yako kipindi chote cha pili, na kuku sikumwona. Halafu niligeuka nikuombe uongeze sauti. Na wewe pia sikukuona."